Samli kwenye Nyuzi za Shukri

Mwaka ule kwanza tulikula nyama mpaka tukaichukia, halafu tukala mahindi ya njano. Mtu wa Garissa wa umri wangu ukimwambia hivyo hakuulizi ni mwaka gani. Mvua ilipokosa mara ya kwanza watu walichinja mbio mbio kabla mnyama hajaanguka mwenyewe, maana mzoga hauliwi, na kila nyumba ilijaza vyombo nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo inayokaangwa ikae. Watoto walikuwa wakiona nyama wanalia. Mvua ilipokosa mara ya pili hakukuwa na cha kuchinja. Ndipo malori yakavuka daraja la Tana na magunia ya mahindi ya njano, rangi ya meno ya mtafuna miraa, na sisi tuliozoea maziwa tukasimama foleni na sufuria kichwani. Wazee walisema hicho ni chakula cha farasi wa Wazungu. Tulikila. Uji wake ulikwaruza koo, na ukiuacha upoe unaganda kama kipande cha sabuni, unaweza kumtupia mbwa ukamuumiza.

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni nageuza anjera, chapati zetu za maji, simu ikalia, namba nisiyoijua. Mwanamke akauliza, "Ayeeyo Dahabo?" Nikasema ndimi, bibi Dahabo. Akasema anapiga kutoka Griftu, yeye ni binti yake Shukri, mama yao ametangulia, wamemzika jana baada ya alasiri. Nikasema yanayosemwa. Halafu akaniambia neno ambalo kwetu huambiwa kila aliyemjua marehemu: "Kama mama alikukosea kwa lolote, tunakuomba umsamehe, aende mwepesi." Anjera yangu iliungua mpaka moshi ukanifikia, nami nimesimama na simu. Nikamwambia nimemsamehe. Nilisema kwa sauti ya mwanamke mzima mwenye heshima zake, halafu nikazima gesi. Mimi kumsamehe Shukri! Walaahi, aliyestahili kuombewa msamaha kwa simu alikuwa mimi, na wa kunipa alikuwa tayari chini ya udongo.

Nina wajukuu kumi na wanne. Mmoja anatibu mifugo Balambala, mwingine anafundisha Sangailu, na wasichana wangu hawaolewi kabla hawajamaliza wanachosoma. Hilo nimelisimamia kwa ulimi na, siku moja, kwa mwiko. Ninajivuna, na anayechukia achukie. Lakini hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba bibi yao aliwahi kuwa fundi wa nyuzi za raketi za tenisi. Kusoma nilijifunza ukubwani, gumbaru, kwa hiyo kalamu yangu inakwenda polepole. Ya nyumbani kwetu nitayaacha, yanafanana na ya kila mtu. Nitaandika ya mwaka ule tu.

Klabu ya maofisa ilikuwa upande wa mtoni, na nyuma ya jiko lake palikuwa na stoo ya mabati ambayo Fundi Athmani, mfunga raketi wao, aliigeuza kuwa chumba cha kulala na cha kazi. Nilifika pale kwa ufagio. Habaryar, mdogo wake mama, alikuwa akiosha vyombo vya klabu, nami nikapewa ndoo nimwagie maji uwanja wa tenisi kila asubuhi ili vumbi lilale. Hebu fikiria. Ngamia wanakufa kwa kiu njiani, mimi namwagia ardhi maji ili watu wapige mpira. Nilimwaga, kwa sababu jioni habaryar alitoka na masalio ya wali na mkate chini ya shuka yake, na kwa masalio yale nyumba yetu haikuzika mtu mwaka ule. Siku moja nikasikia sauti ndani ya stoo: "Wewe wa ndoo! Njoo unionee tundu." Nikauliza, "Tundu gani?" Akasema, "La raketi, si la pua yangu." Nikaingia. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu mweupe kama macho ya mbuzi mzee. Amekaa kwenye mkeka, raketi ya mbao imebanwa magotini, na uzi mkononi unatafuta pa kuingia, unagonga mbao, unarudi.

Nilipouchukua ule uzi niuchezee kwa vidole nikaujua hapo hapo. "Huu ni utumbo," nikamwambia. Akageuza uso. "Umejuaje?" Nikamwambia nimeosha matumbo ya kondoo tangu nina meno ya utoto; huu umekwanguliwa, umesokotwa ungali mbichi, ukakaushwa umevutwa. Alicheka mpaka akakohoa. "Maofisa wanacheza miaka na miaka wanadhani unaota dukani." Tangu siku ile nilimaliza kufagia mapema. Chumba kile nakiona mpaka leo: raketi zimening'inia ukutani, kila moja imekazwa ndani ya kibano cha mbao chenye skrubu nne isije ikapinda, bati linalia kwa joto, harufu ya vanishi, kahawa, na papa mkavu aliyetundikwa kwenye msumari. Huyo papa tulimgombania kila siku. Alikuwa anamchemsha na nyanya, ananikaribisha, nami naziba pua. "Sisi hatuli nyoka wa majini," namwambia. Naye: "Nyinyi mnakula mahindi ya farasi na bado mnachagua?" Nilikunywa kahawa yake tu. Siku ambayo habaryar hakupata masalio nilikula papa yule, nimempa mgongo ili asinione natafuna, ingawa hata ningemwelekea asingeniona. Alisikia. Alinisogezea sahani.

Alinifundisha kwanza kuchagua. Alikuwa na makopo mawili, moja la nailoni, moja la utumbo, na lile la utumbo lilifungwa mfuniko kwa kitambaa hewa isiingie. "Usimwulize mtu anataka uzi gani," alisema. "Atakwambia ule ghali. Mwangalie anavyopiga, halafu mwangalie kiwiko." Ofisa mnene aliyepiga mpira kama anaua nyoka alifungiwa nailoni nene, na alifurahi. Aliyekuwa akishika kiwiko baada ya mchezo, utumbo, kwa sababu utumbo unapokea mpira kabla ya kuurudisha, haupigi mkono. Nailoni haijali jua wala maji. Utumbo unaogopa vyote viwili: ukilowa unavimba na kulegea, ukikauka unatoa manyoya na kukatika. "Ndiyo maana una raha," alisema, "kitu kisichoweza kufa hakina raha." Halafu kufunga. Nyuzi za wima kwanza, unaanzia katikati, moja kushoto, moja kulia, moja kushoto, moja kulia. Ukimaliza upande mmoja kwanza mbao inavutwa inapinda, na ikipinda hairudi. Unazungusha uzi kwenye kijiti, unavuta kwa uzito wa mwili wote, unachomeka shazia, ile sindano nene, tunduni kuushika usirudi. Kiganja changu kilifungwa kipande cha ngozi na bado kilikatika. Kisha za kukingama, juu, chini, juu, chini, kama kusuka mkeka wa nyumba, na hapo sikuhitaji mwalimu. Tukimaliza alipiga kidole katikati na kuweka sikio. Kuna siku alisema, "Inasema." Kuna siku alisema, "Inanung'unika, kata," nami nakata kazi ya asubuhi nzima nikiwa na machozi ya hasira. Alinifundisha pia kwamba uzi haufi siku unapokatika; unakuwa umekufa zamani, mchezaji hana habari, anajilaumu mkono. Na kila baada ya mchezo alinyoosha nyuzi kwa kucha zirudi kwenye mstari, akazifuta vumbi, akazipitishia kipande cha nta ya nyuki, kidogo mno, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala.

Shukri alikuwa binti wa Mzee Gedi, aliyekuwa na mifugo mingi na mwaka ule akabaki na fimbo. Alikuwa anasoma sekondari ya wasichana, umri wangu, mrefu, na mwalimu wao mkuu alikuwa na ruhusa ya kuwaleta wachezee uwanja wa klabu. Alivaa suruali chini ya gauni refu, shungi limebanwa kwa pini nne, na alipiga kwa mkono wa kushoto. Wanawake waliopita njiani kwenda mtoni walisimama kumzomea. "We Shukri, unampiga mwenzio kwa mkono wa chooni?" Naye anajibu bila kugeuka, "Ndiyo maana hataki kuurudisha!" Wasichana wengine walipata tabu naye, mpira unatoka upande wasioutegemea. Aliniita abaayo tangu siku ya kwanza, dada, kama tuliolala kitanda kimoja. Alikuwa na raketi mbili. Moja ya nailoni iliyopinda kama mgongo wa mgonjwa, moja nzuri aliyoachiwa na mke wa ofisa aliyehamishwa. Ile nzuri niliifunga mimi peke yangu, kwa utumbo wa mwisho uliobaki koponi, Fundi ameketi pembeni na kahawa hakuigusa. Nilipomaliza akaweka sikio. "Hii," akasema, "hainihitaji."

Niliipeleka kwao. Nyumba ya Mzee Gedi ilikuwa na pazia la kitenge kati ya chumba cha wageni na cha ndani, na nyuma ya pazia mimi na Shukri tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa ya unga wa msaada, ile inayoacha chembe ulimini. Upande wa pili baba na mama yake walikuwa wanazungumza.

"Watu wa Griftu wametuma neno la posa tena," mzee alisema. "Ngamia wao wako hai."

"Mtoto yuko shule."

"Shule inakamuliwa?"

"Na yule mtu ana wake wawili na meno matatu!"

"Meno ninayo mimi yote na sina cha kutafuna. Sikia, mama Shukri. Kuna mwalimu wa michezo anakuja kutoka Kenya baada ya Idi." Sisi huku ukivuka daraja la Tana tunasema umeenda Kenya. "Mwalimu mkuu ameniapia, mtoto akichaguliwa timu atasomeshwa ualimu huko huko, chakula na kitanda. Akichaguliwa, nitawaambia wa Griftu watafute kwingine. Hilo ni neno langu. Asipochaguliwa, simzuii mgeni mlangoni tena. Hilo pia ni neno langu."

Shukri alinishika mkono kwa ule wa kushoto, akaukaza mpaka kikombe changu kikamwagika. Hakulia. Aliniegemea sikioni, akasema, "Abaayo, nyuzi zangu zimekazwa?" Nikamwambia, "Zimekazwa." Akasema, "Basi na mimi nimekaza."

Sasa nifike kwenye kosa langu, na sitalizunguka. Siku nne kabla ya mwalimu kufika, Fundi Athmani alishikwa na malaria, wakamlaza hospitali, na ufunguo wa kisanduku chake cha kazi ukaenda naye, umefungwa shingoni kwa kamba. Nta ilikuwa ndani ya kisanduku. Wiki ile upepo ulikuwa mkavu, midomo inapasuka mtu akicheka. Shukri alifanya mazoezi asubuhi na jioni, akaniletea raketi niitazame, na nikaona nyuzi zimeanza kutoa manyoya meupe, hasa pale katikati, pale mpira unapogonga. Ningeweza kwenda hospitali nimwombe ufunguo. Ilikuwa mwendo wa nusu saa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa wafugaji na nilikuwa nimeambiwa, "Hii hainihitaji." Nilijiona najua. Utumbo ni ngozi, nikasema, na kwetu ngozi ikikauka ina dawa. Kamba za nyumba, kiatu, chombo cha maziwa, vyote hupakwa samli, kisha hufukizwa kwa moshi wa makaa ya mgunga, navyo vinadumu kuliko aliyevitengeneza. Habaryar alikuwa na samli kidogo chini ya kichupa, iliyobaki kutoka siku za maziwa, ameiweka kwa ajili ya mgonjwa. Niliichukua bila kuomba. Nikazipaka nyuzi moja moja kwa kidole, juu na chini, nikaishikilia raketi juu ya moshi, naigeuza, samli inayeyuka inaingia, manyoya yanalala, nyuzi zinang'aa rangi ya asali. Nilijisifu kwa sauti, peke yangu chumbani. Halafu nikapiga kidole katikati.

Sauti ilikuwa imeshuka. Niliisikia. Watu wakisema "sikujua" nawaonea wivu, kwa sababu mimi nilijua kwa sekunde moja nzima. Nikajiambia ni ulaini, uzi umepona. Nikaikaza kwenye kibano, nikaenda nyumbani.

Siku yenyewe watu walijaa pembeni mwa uwanja, hata wale wanawake wa kuzomea walikuja wamevaa vizuri. Mwalimu wa michezo aliketi kivulini na daftari. Alikuja na msichana wa kupimia wengine, binti mpole wa kutoka bara, miguu kama ya swala, na ilisemekana nafasi ni moja. Nilimpa Shukri raketi. Akaishika, akaipeleka puani, akacheka kwa macho.

"Abaayo, umenipa raketi au kibuyu cha maziwa?"

"Nimeitunza kama ya nyumbani."

"Walaahi leo nitapiga mpira uwe mtindi."

Mwanzo alishinda. Mkono wa kushoto ulifanya kazi yake, yule msichana akawa anakimbilia upande usio na mpira, na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mkono wa chooni umemwosha mgeni!" Kisha mipira ikaanza kutoka nje. Kidogo, kiganja kimoja nje ya mstari, halafu viwili. Shukri akatazama raketi, akazirudisha nyuzi kwa vidole, zikateleza tena kama nywele zilizopakwa mafuta. Na jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo: vumbi. Uwanja nilikuwa nimeumwagia maji mwenyewe asubuhi, lakini jua la saa nne lilikuwa limeshayanywa, kila mpira ulibeba mchanga, na mchanga ukaganda kwenye samli. Nyuzi zikawa zinasuguana na mchanga katikati yake kama msumeno. Nilikuwa nimesimama mbali na nikausikia uzi mmoja ulipokatika, sauti ndogo, kama mtu amefyonza. Wa pili ukafuata. Shukri akachukua ile ya nailoni iliyopinda. Alipigana nayo, sitasema hakupigana. Alianguka goti likachanika, akainuka, shungi halikutoka. Lakini mpira uliotoka kwenye raketi ile ulikwenda unakotaka wenyewe. Mwalimu akaandika kitu kifupi, akafunga daftari. Mzee Gedi alikuwa amesimama nyuma ya wote. Alikung'uta kanzu yake, akaondoka kabla ya mtu kumwambia pole.

Katibu wa klabu alikuwa mtu wa hasira, na alikuwa ameaibika mbele ya mgeni. Akaiinua raketi. "Nani alifunga hizi nyuzi?" Fundi Athmani alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile ile, blanketi mabegani, ameketi kwenye ngazi ya jiko. Akaomba apewe. Akapitisha vidole, taratibu, kutoka juu mpaka mpinini. Akanusa vidole. Akainua uso kuelekea niliposimama, na ingawa ukungu ule haukumwachia kuona hata umbo langu, nilihisi ameniona kuliko nilivyowahi kuonwa. "Ni mimi," akasema. "Macho yamekwisha. Nilikosea kopo, nikapaka mafuta badala ya nta." Habaryar alikuwa mlangoni pa jiko na sahani mkononi, ananiangalia, na macho yake yalikuwa yanasema wali, mkate, watoto. Alikuwa ameshakikuta kichupa chake kitupu. Nikanyamaza. Katibu akamwambia mzee akusanye vitu vyake, aondoke na lori la kwanza la kwenda pwani. Mimi nikanyamaza. Nilimfungia mizigo yake mwenyewe, nikamtoa papa kwenye msumari, nikamfunga kwa gazeti. Akaniambia, "Usinishukuru. Nilikuwa naenda tu, kipofu hafungi raketi. Lakini siku ile ulipiga kidole, sivyo?" Nikasema nilipiga. "Ukasikia?" Nikasema nilisikia. Akatikisa kichwa, akatafuta ukingo wa lori kwa mikono, dereva akamvuta juu. Sikupata habari zake tena. Hakuwa na namna ya kuandika, na mimi wakati ule sikuwa na namna ya kusoma.

Harusi ya Shukri ilifanywa upesi, kwa sababu mwaka wa njaa hauna sababu ya kuchelewesha chochote. Hapa ndipo wajukuu wangu wangeniambia, Ayeeyo, wewe si ndiye unatufundisha kwamba ukweli haumchomi mwenye mikono safi? Nawafundisha hivyo, ndiyo. Lakini nimeishi miaka mingi na ukweli wangu mmoja na sijui bado ulikuwa wa nini. Mbele ya katibu, pale ambapo neno langu lingemwokoa mzee asiye na macho, niliukalia kama kuku. Nilikuja kuutoa mahali ambapo haukuhitajiwa na mtu yeyote. Baada ya harusi Shukri alipita Garissa na basi mara nyingi akienda na kurudi hospitali za bara. Watu walikuwa wananiambia, tumemwona stendi, ameketi dirishani, hakushuka. Mimi nami nilikuwa na miguu, stendi si mbali, na sikwenda. Nilijiambia ni yeye ndiye aliyekasirika. Leo nadhani tulikuwa tunangojana, kila mmoja na kichwa chake kigumu, mpaka mmoja akaisha.

Shukri alinitumia mtu kabla hawajamchukua. Nilimkuta nyuma ya lile pazia la kitenge, mikono na miguu imepakwa hina mbichi, ameinyoosha mikono mbele yake isiguse kitu. Chumba kilijaa uvumba na wanawake, na wanawake walikuwa wanaimba na kula halua, ya kwanza kuonekana mwaka ule, imekuja na ngamia wa Griftu. Akawaambia, "Mama zangu, nipisheni kidogo na mwenzangu." Wakatoka wanacheka, mmoja ananitania eti nikamfundishe nini mimi nisiye na mume. Goti lake bado lilikuwa na kovu bichi. Niliketi. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Kaa karibu," akasema. "Wanasema mzee alipaka mafuta."

Nikasogea.

"Mtu wa pwani, mla papa. Samli ataitoa wapi mtu wa pwani, abaayo, mwaka huu? Nimezaliwa kwenye harufu ile. Nilipoinusa raketi nilijua ni mkono wako, nikafurahi. Sikuulizi nani." Alizungumza polepole, kama anayehesabu hatua. "Huko ninakokwenda simjui mtu hata mmoja. Wake zake wawili wananingoja. Nitahitaji kumkumbuka mtu mmoja nikiwa peke yangu, na nisisikie uchungu. Kwa hiyo useme ni mzee. Useme tu, kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa nimeshaamini kabla hatujafika Modogashe."

Lilikuwa neno dogo. Mzee mwenyewe alikuwa ameshalisema mbele ya watu wote, ameshaondoka nalo, halingemdhuru tena. Shukri alikuwa amenitengenezea mlango, ameufungua, ameushikilia kwa mikono ambayo haikuweza kugusa kitu, na alichotaka ni mimi nipite tu. Lakini nilikuwa nimeumeza ukweli ule kwa wiki mbili na ulikuwa umenivimbia kifuani, nami nikataka kutoka pale nikiwa mwepesi, mimi, si yeye. Leo naliita kiburi. Siku ile nililiita jina zuri zaidi.

"Sisemi," nikamwambia. "Samli niliipaka mimi, kwa mkono wangu."

Aliangalia hina yake ilivyokuwa inakauka inapasuka. Nje wakaanza vigelegele, na mtu akagonga bati kwamba gari la watu wa Griftu limefika, bibi harusi avalishwe. Shukri akainua uso. Chozi lilishuka na hakuweza kulifuta, mikono haikuruhusu, likaenda mpaka kidevuni, na mimi sikumfutia.

"Abaayo. Mara moja. Hata kama ni uongo."

"Sisemi. Samli niliipaka mimi, kwa mkono wangu."